Simu Isiyo na Jina

Mtaa wa Dunda,
S.L.P. 41,
Bagamoyo.
8 Septemba, 1974

Mpendwa mdogo wangu Sadallah,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako ya mwezi wa saba nimeikuta hapa nyumbani, mwanangu Sihaba aliniwekea, nami naiitikia leo: marahaba, ndugu yangu. Je, kifua kimepoa? Huko Kigoma najua kuna baridi ya ziwa, nawe tangu utoto baridi hukuiweza. Mkeo Mina hajambo? Na Mohamedi, ameanza kusoma? Sisi tunamshukuru Mungu, ila mihogo ya shamba la Makurunge nusu yake imeliwa na nguruwe.

Najua una kinyongo. Nilikupelekea maneno machache tu ya simu ya maandishi kwamba shemeji yetu Bwanausi amefariki, kisha nikakaa kimya miezi minne. Sikukaa kimya kwa dharau. Nilikuwa Mtwara na mdogo wetu Zaina mpaka alipotoka eda, na mambo haya sikutaka kuyaandika nikiwa nyumbani kwa marehemu.

Mwezi wa nne nililetewa simu ya maandishi kutoka posta. Iliandikwa: ZAINA ANAKUHITAJI NJOO UPESI. Jina la aliyeipeleka halikuwamo. Kesho yake akaja Msabaha, mdogo wake Bwanausi anayefanya kazi Dar es Salaam, na tiketi mbili za ndege mkononi. Alisema barabara ya kusini imekatika Rufiji kwa mafuriko, hakuna njia nyingine. Nikamwuliza Zaina ana nini. Akasema haumwi sana. Sasa asiyeumwa sana anaitiwa mtu kwa ndege? Nawe unajua desturi yetu: mtu akishakufa, wa mbali huambiwa ni mgonjwa, ili afike salama.

Tiketi zenyewe, alizolipia Bwanausi, nilizitilia shaka. Bwanausi ni yule yule ambaye mama alipofariki hakumleta Zaina kuzika. Miaka minane nimelishika neno hilo moyoni. Leo amepata wapi ukarimu?

Ndege tuliyopanda Dar es Salaam ilikuwa jeti, lakini jeti ya uzee. Walikuwa wameipaka rangi mpya, na chini ya rangi ungeweza kuona herufi za wenyewe wa zamani. Tulikaa saa mbili juani tukimtazama fundi amepanda ngazi, ameingiza mkono mzima ndani ya injini, anatikisa kichwa. Kisha akashuka, tukaambiwa tupande. Hakuna aliyetueleza alichokiona. Mkanda wa kiti changu haukufunga, nikaukaza kwa fundo. Tulipopaa, maji yakawa yananidondokea begani kutoka darini. Mhudumu akasema ni mvuke tu, akanipa kitambaa, lakini yeye mwenyewe alikwenda kukaa nyuma kabisa akajifunga mikanda miwili.

Msabaha alikuwa amepakata kifurushi cha karatasi ya kaki. Tangu Bagamoyo hakukiachia. Nilipotaka kukiweka chini ya kiti alikivuta upesi. Basi alipokwenda msalani nikakifungua pembeni. Ndani mlikuwa na bafta nyeupe iliyokunjwa, pamba, na kafuri. Sadallah, ilikuwa sanda.

Nilikirudisha kilivyokuwa. Aliporudi nikamwuliza, Zaina kazikwa lini?

"Zaina yu hai, dada," akasema.

"Apa."

"Wallahi yu hai." Kisha akageukia dirishani akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake. Nikajua ameapa uongo. Nikajifunika kanga usoni, nikaanza kumsomea mdogo wangu sura ya Yasini huku ndege ikiruka na kuanguka mawinguni. Ilifika Mtwara, ikazunguka, ikashuka nusu, ikapanda tena. Wakati huo, ndugu yangu, sikujali kama itashuka au la.

Tulipotua nikaona watu nje ya uzio, na mbele yao Zaina, amesimama kwa miguu yake. Nilimshika uso, mabega, mikono, kama mnunuzi wa kitambaa. Yeye akacheka, akasema Bwanausi amemwambia kwamba nimetaka mwenyewe kuja kumtazama. Nilimtazama Msabaha na kifurushi chake, nikajiuliza basi hii ni ya nani.

Nyumbani nilimkuta Bwanausi kitandani, kabaki macho na mifupa. Zaina alidhani atapona. Bwanausi akamtuma jikoni, tukabaki wawili.

"Shemeji, najua hunipendi," akasema. "Ndiyo maana nimekuita wewe. Ndugu zangu watamwonea huruma siku saba, kisha kila mtu aende zake. Wewe unampenda yeye, si mimi; nikifa hutamwacha."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kweli. Akasema, "Ungekuja?"

Nakiri kwako, nisingekwenda.

Sanda alimwagiza Msabaha kwa siri kwa sababu maduka ya Mtwara yalikuwa hayana bafta. Akaniomba Zaina asijue kwamba yeye ndiye aliyeniita, aamini nimekuja kwa mapenzi yangu. Sikumwahidi, wala sikumkatalia. Siku ya tatu, baada ya alasiri, akafariki. Na lile la mama sikumwuliza. Nilikuwa na siku tatu za kumwuliza, nikaziacha. Hata leo sijui kama ni yeye aliyemzuia Zaina au kulikuwa na jambo jingine, na Zaina mwenyewe naogopa kumwuliza.

Tumerudi Bagamoyo wiki iliyopita, kwa basi, barabara imekauka. Zaina analala chumba cha uani. Kila siku ananishukuru. Mbele ya wageni husema, dada yangu hakuitwa na mtu, damu ilimwita. Shukrani hiyo ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Leo asubuhi tulikuwa tunachagua mchele, nikamwambia yote: simu, tiketi, na mazungumzo ya chumbani na mumewe. Nilidhani atanikasirikia. Akaweka ungo chini, akasema, "Niambie tena alivyosema." Nikamwambia. Akaniomba tena. Nimemrudia mara tatu, neno kwa neno, na sasa amekwenda kujilaza.

Mwandikie Zaina mwenyewe, usimsalimie kupitia kwangu. Sihaba anakuamkia, na Bi Bimdogo wa jirani anauliza utakuja lini. Msalimie Mina, mbusu Mohamedi. Mungu awafikishe Ramadhani mkiwa wazima, awakinge na maradhi na habari za ghafla.

Ni mimi dada yako, nikupendaye wala sipunguzi,

Biubwa binti Mikidadi