Msitu Ulionirudishia Usingizi

Mama mdogo wangu mpendwa,

Nimelala. Nianze na hilo, maana ndilo ungeniuliza kwanza, kabla ya salamu za mama na kabla ya kutaka kujua kama nilitapika kwenye boti. Juzi nililala tangu baada ya isha mpaka alfajiri, hapa hapa mtaani kwetu Magoudjou, Moroni, kati ya redio za majirani na honi za teksi. Mama alinivuta kidole cha mguu ndipo nikaamka.

Simu za huko kwenu Mutsamudu bado hazipatikani na barua za posta hazivuki. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, gazetini, nikitumaini kwamba msafiri mmoja atakufikishia karatasi hii na mtu atakusomea huku unaendelea na kazi zako. Unajua nilivyo na haya. Lakini haya hii ni afadhali kuliko kukuacha na wasiwasi.

Nilikuja kwako nimemaliza shule, kwa mapumziko mafupi tu. Kisha kisiwa chenu, Anzuani, kikatangaza kujitenga na visiwa vingine, boti zikasimama, nami nikabaki ng'ambo, mbali na mama. Tangu siku ile bunduki zilipolia kule chini mjini, usingizi uliniacha. Kila nikifumba macho moyo ulikwenda mbio. Mchana nao nilinyamaza, kwa sababu nikifungua kinywa tu, kila mtu alijua mimi ni Mngazija, mtu wa kisiwa cha Moroni. Dukani nilinyoosha kidole. Muuza sukari akakuuliza, "Huyu mtoto wa dada yako ni bubu?"

"Ana maneno kuliko wewe," ukamjibu. "Anayatunza. Mpimie sukari."

Hukuniambia kwamba naumwa, wala hukunionea huruma mbele za watu. Ulinipeleka kazini. Maua ya mlangilangi huchumwa kungali na umande, jua likipanda harufu yake inapotea, kwa hiyo tulitoka nyumbani baada tu ya sala ya alfajiri, vikapu viunoni. Jua lilipoanza kuchoma, maua yalikuwa yamekwisha kufika kwenye mtambo wa kukamulia mafuta, na wachumaji wenzako walikuwa wanateremka kwenda kupika. Wewe ukaelekea juu. Nilidhani unakwenda kutafuta kuni.

Ulifika mtoni ukavua kanga ya juu ukajitosa. Mimi nilichuchumaa ukingoni na kopo langu. Nikachota mara moja, nikalowesha uso, mikono, miguu kwa zamu, nikabakiza kidogo cha mwisho. Nilikuwa nimelelewa hivyo. Moroni hatuna mto hata mmoja. Tunakunywa mvua iliyowekwa katika birika la uani, na mtoto anayemwaga maji huchapwa. Ulinitazama mpaka nikamaliza.

"Bibi wa Moroni, unaoga au unajipaka mate?"

"Nabakiza, yasiishe."

Ulicheka mpaka ukameza maji ukakohoa. "Yasiishe! Mto huu ulikuwapo kabla ya bibi yangu. Ingia, mwanangu. Ingia na nguo zako zote kama unaona haya."

Nikaingia. Sijui kama uliona kwamba nililia. Mto wote ule ulikuwa unapita, nami sikutakiwa kubakiza chochote.

Juu ya mto ndipo msitu unapoanza, mahali ukungu unaposhuka mchana na miti imevaa majani mororo kama manyoya. Ulilala chini, kichwa juu ya mzizi, ukafumba macho. Nikakuuliza tunafanya nini. Ukasema, "Hatufanyi."

"Mtu akipita atasema sisi wavivu."

"Akipita mwambie alale, nafasi ipo."

Siku za kwanza nilikaa kama mgeni sebuleni, mgongo wima, nikikaza masikio nisikie bunduki. Sikusikia ila matone yakidondoka kutoka jani hadi jani, na ndege ambao sikuwajua majina. Popo wale wakubwa weusi walizunguka juu yetu mchana kweupe, mabawa yao kama miavuli, nami niliwaogopa. Ukasema kwamba wao ndio wanaopanda mbegu za miti ile, na kwamba hawajapata kumuuliza mtu ametoka kisiwa gani. Nilicheka. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu bunduki zilie mjini.

Polepole, mgongo ukalegea. Nikaanza kunusa udongo, na yale majani yenye harufu ya ndimu uliyonisagia mikononi. Siku moja niliamka pale chini nikakuta umenifunika kwa kanga na jua limeshahamia upande wa pili wa bonde. Ulikuwa unamenya shelisheli la kuchoma, ukanipa nusu.

Sijui msitu unamfanyia nini mtu, na sina elimu ya kueleza. Ninachojua ni kwamba mjini kila kitu kilitaka jibu kwangu: mimi ni wa wapi, niko upande gani, bendera ipi. Kule juu hakuna kilichoniuliza. Moyo ukaacha kukimbia kwa sababu hakukuwa na wa kumkimbia.

Kwa hiyo boti zilipoanza tena kuvuka na ujumbe wa mama ukaja, nilifurahi, na nilihofu. Nilikwambia bandarini, "Usingizi wangu utabaki huku." Ukasema nisiwe mpumbavu, usingizi hauna nauli. Lakini niliona macho yako, hukuwa na hakika.

Na kweli, Mama mdogo, nilipofika usingizi uliniacha tena. Nyumba yetu imebanwa na nyumba, na mama amekuwa mtu mwingine. Watu wa sokoni walimtukana kwa sababu ya lafudhi yake ya Anzuani, na tangu hapo haendi popote. Anamtuma jirani hata chumvi. Usiku tulikuwa tunasikiana tukigeuka kitandani, yeye kwake, mimi kwangu, kila mmoja akijifanya amelala.

Kuna mwanamke anayeshuka kutoka vijiji vya mlimani kuuza ndizi hapa njiani kwetu. Nilipita mbele yake mara nyingi, nikasimama, nikaondoka. Mwishowe akasema, "Binti, unanunua au unazisomea dua?"

"Nataka kwenda msituni."

"Umepotelewa na mbuzi?"

"Hapana. Nataka kukaa tu."

Akanitazama kichwa mpaka miguu. "Kukaa," akasema. "Haya. Kesho sishuki. Panda na teksi ya asubuhi mpaka inapokomea, nitakupokea. Njoo na mtu wenu, usije peke yako."

Mama alikataa. Kisha nikamweleza habari za mto wako na jinsi ulivyokohoa kwa kicheko. Asubuhi nikamkuta mlangoni, kikapu mkononi. Ndani ya teksi aliniachia mimi nijibu kila swali.

Karthala, mlima wetu wa moto, si kwenu. Hakuna mto, mawe ni meusi na makali, ukungu ni baridi zaidi. Mwenyeji wetu alituonyesha mahali pakavu chini ya miti akaenda shambani kwake. Nilikaa, nikangoja. Mgongo ukawa wima kama zamani, na nilifikiri, basi, imeshindikana. Ndipo mama akatoa kikapuni shiromani yake nyekundu, lile vazi la wanawake wa Anzuani alilokuwa amelificha chini ya sanduku, asivae mtaani akatambuliwa. Akaitandaza juu yetu sote wawili. Akaanza kuongea kwa lafudhi yenu, kwa sauti, habari za utoto wenu wawili mlipokuwa mkiiba miwa. Sikumbuki mwisho wa hadithi. Nilikuwa nimelala, na aliponitikisa nikasema twende, tutaikosa teksi, akanijibu, "Tukae kidogo."

Tumekwenda tena na tena. Juzi ndiyo mara ya kwanza usingizi kunifuata mpaka nyumbani, na leo mama amekwenda mwenyewe kununua chumvi. Amerudi amenuna, anasema wamempunja. Nimefurahi kumsikia akigomba.

Basi acha wasiwasi juu yangu, nami nakuombea amani huko uliko, na mvua ya kuutosha mto wako.

Mimi,
mtoto wa dada yako