Mambo Asiyoyaweza Baba

Jumatatu, 2 Machi

Bahasha ya Ustawi wa Jamii imefika. Nono, utadhani ya urithi. Ndani ni fomu tu. Kurasa ishirini na mbili, zote kuhusu mtu mmoja ambaye hapendi kuulizwa hata amelalaje!

Juu imeandikwa: Maombi ya Posho ya Matunzo. Chini yake, maelekezo: jibu ukifikiria siku mbaya kuliko zote, si siku nzuri. Nimemsomea Baba. Akasema yeye siku mbaya hana. Ana siku ndefu tu.

Niandike hali ilivyo, nisije nikajidanganya. Baba ni baba mkwe wangu, miaka sabini na minne. Fundi wa lifti miaka thelathini na mmoja. Sasa mikono inatetemeka, na asubuhi miguu inagoma — anasimama mlangoni kama amegandishwa, mpaka mguu ukubali. Mume wangu yuko kwenye ujenzi wa barabara, mwendo wa siku mbili kwa basi, anarudi kila baada ya miezi miwili. Tuliobaki ni sisi wawili. Mimi nakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Nilikuwa nakaa. Daktari amenipa likizo bila mshahara hadi tarehe 31. Ikipita hapo, kiti kitapata mtu mwingine. Alisema kwa upole, lakini alisema.

Posho ikitoka, tutamlipa mhudumu wa kiume aje kila siku. Mwanaume kwa mwanaume. Mimi nirudi kazini. Basi, ndiyo mpango wote.

Jumatano, 4 Machi

Tumekaa mezani na fomu. Yaani mimi mezani, Baba kwenye kiti chake, uso dirishani.

Swali la kwanza: anaweza kuandaa chakula mwenyewe?

"Andika, naweza."

"Baba, juzi sufuria ilianguka."

"Sufuria ilianguka. Mimi sikuanguka."

Tukaenda hivyo hivyo, mvutano kila mstari, mpaka swali la tisa. Kuoga. Sikulisoma. Niliruka nikasoma la kumi.

"Umeruka moja," akasema. "Nimehesabu."

Nikamwambia nitalijaza baadaye. Hakubisha. Akaendelea kutazama nje, na nje hakukuwa na kitu.

Ukweli wa swali la tisa ni huu. Anaingia saa mbili asubuhi, anafunga komeo, anatoka saa tatu na nusu. Mimi nasimama koridoni na kikapu cha nguo ambazo nilishazikunja, nasikiliza maji. Miaka tisa ya ndoa, sijawahi kumwona Baba hata bila soksi. Leo nikaanze wapi?

Jumamosi, 7 Machi

Wifi kapiga simu. Yeye anaishi mbali, ila ushauri wake uko karibu siku zote. Afisa wa tathmini akija, anasema, mlaze kitandani, mfunike mpaka kidevuni, agune. Mficha uchi hazai, wifi yangu!

Sikujua simu iko kwenye spika.

"Mwambie nitaguna," Baba akasema kutoka sebuleni, "kama wanalipa kwa saa."

Tulicheka mpaka Wifi akakasirika. Ilipokatika simu, Baba akauliza huyo afisa anakuja lini. Jumanne, saa nne. Akaitikia kwa kichwa, kama mtoto aliyetajiwa siku ya mtihani.

Jumanne, 10 Machi

Nilipoamka alikuwa ameshavaa. Peke yake! Ovaroli la kazini, la buluu, zipu moja kutoka tumboni hadi shingoni. Sijui alianza saa ngapi. Amenyoa pia — kidevuni kipande cha karatasi kimebandikwa juu ya mkato.

Nikamwambia, Baba, leo si siku ya kujipamba. Akasema mgeni ni mgeni.

Afisa alifika saa nne kamili. Mama wa makamo, viatu vya raba, sauti ya mtu aliyewahi kufukuzwa na mbwa wa nyumba nyingi. Mpole. Nilimpenda, na huo ndio ubaya wenyewe.

Hajakaa vizuri, Baba akasema, "Nikuletee chai." Nikainuka. Akanitazama. Nikakaa.

Muda ulipita. Tulimsikia jikoni: kijiko, kimya, kijiko. Kisha akatokea na sinia. Vikombe vimejazwa nusu, kwa makusudi. Alivuka sebule kama anayebeba mtoto aliyelala. Hakumwaga hata tone! Afisa akaandika kitu.

"Mzee, unajipikia?"

"Hiyo unayokunywa kapika nani?"

"Na kuvaa?"

"Umenikuta uchi?"

"Kuoga je?"

"Tangu nizaliwe, mama."

Afisa akacheka. Baba akacheka. Mimi nilikuwa natazama mkono wake wa kushoto. Ameukalia. Ameubana chini ya paja usionekane.

Kisha afisa akanigeukia. Nina la kuongeza? Nilikuwa nalo. Nilikuwa na kurasa ishirini na mbili, na swali la tisa bado tupu. Nikasema, "Baba ameshasema yote." Nikampa fomu, akaenda zake.

Kwa nini! Nimejiuliza tangu mchana. Jibu nililonalo ni moja tu, na halina maana yoyote: alikuwa amependeza.

Jumatano, 11 Machi

Hakuinuka leo. Mwili umegoma kabisa. Amelala na ovaroli lile lile, zipu ilimshinda jana. Nimemlisha supu kwa kijiko, yeye akiangalia ukuta na mimi nikiangalia kijiko. Mgeni hakutajwa.

Jumatatu, 16 Machi

Barua, na nakala ya fomu yetu ndani yake. Alama nne. Zinatakiwa nane ili kupata posho.

"Mwombaji alimwandalia afisa chai na kuileta mezani bila msaada." Wameiandika hivyo, kwa herufi zao nzuri. Ile chai! Kama hatukubali, Bodi ya Rufaa inakaa Jumatatu ya mwisho ya mwezi, maelezo yafike kabla ya tarehe 26.

Nimempelekea Baba aisome mwenyewe. Karatasi ikapigapiga mikononi mwake kama ndege aliyenaswa. Akamaliza.

"Nilitaka akute mtu," akasema.

"Amemkuta, Baba. Sasa mimi nimfanyeje huyo mtu? Nilikuwa na kazi."

Sikupaza sauti. Afadhali ningepaza. Akainuka aende chumbani, amekasirika, na miguu ikagoma pale pale mlangoni. Mtu mwenye hasira hastahili kusimama dakika nne akisubiri mguu wake. Sikujua niangalie wapi. Nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Jumatano, 18 Machi

Salamu tu. Umeamkaje, salama. Daktari wa meno ameandika: tarehe mosi tukutarajie? Sijajibu.

Jumapili, 22 Machi

Nimetulia sasa, naweza kuandika.

Saa tatu kasorobo asubuhi. Kishindo bafuni. Kisha maji yakaendelea kutiririka kama hakuna kilichotokea — hilo ndilo lililonitisha.

"Baba!"

"Usiingie."

"Umeumia?"

"Nimesema usiingie, mkwe."

Nikasubiri. Maji. Nikamwambia naenda kumwita jirani aje avunje mlango. Halafu, sauti ya chini kabisa: nisiharibu mlango mzima kwa ajili ya mzee mbovu. Nilete kisu cha mezani.

Akanielekeza kutoka huko sakafuni. Ingiza kisu kwenye ufa. Kandamiza komeo. Lisukume kushoto, kidogo kidogo, usiwe na pupa.

"Na uniambie unachofanya," akasema. "Kila kitu. Mtu aliyekwama kwenye lifti haogopi sana kuanguka. Anaogopa asipojua huko nje kuna nani na anafanya nini."

Basi nikasema. Baba, nimeingiza kisu. Baba, kimegusa chuma. Baba, kimeteleza, narudia. "Rudia," akasema. Baba, limesogea nusu. Baba, limefunguka. Naingia. Naangalia dari. Nafunga maji. Natupa taulo upande wako.

"Imenifika."

Baba, sasa nakushika chini ya kwapa.

Nikamsikia akijiviringishia taulo. Halafu akasema, "Nishike."

Hakuvunjika popote. Kiwiko kimevimba kama embe bichi. Nilimkausha mgongo, nikamkalisha kitandani. Begani ana alama tatu nyeusi za kuzaliwa, zimepangana kama za mume wangu, mahali pale pale. Sikuwa najua.

Jumatatu, 23 Machi

Leo baada ya kufungua kinywa akasema, "Lete zile karatasi. Soma lile uliloliruka."

Nikalisoma. Sauti yangu ilikuwa ya ajabu, kama natangaza kwenye kituo cha basi.

"Andika," akasema. "Tarehe kwanza. Kisha hitilafu. Kisha sababu. Usiandike neno masikini. Usiandike kwa bahati mbaya. Kwenye daftari la kazi hatukuwa na bahati mbaya."

Ameongea saa mbili. Kurasa tano! Kuoga: dakika tisini, na kati ya siku saba, mbili anatoka na sabuni mwilini kwa sababu mikono imechoka kabla ya mwili kwisha. Choo: ameeleza, nimeandika. Hapo aliniambia nisimtazame, niandike tu. Sikumtazama. Kalamu ilijiendea.

Kisha akasema, "Chai ya tarehe kumi. Mwombaji alifanya mazoezi siku tatu. Siku ya nne alibeba. Siku ya tano hakuinuka."

Nikaacha kuandika. Mazoezi? Lini?

"Ulipokuwa sokoni. Nilianza na sinia tupu."

Nikamwambia angevunja vikombe vyote. Akasema alivunja kimoja, kiko chini ya kitanda chake kimefungwa kwenye gazeti. Nimeenda kutazama. Kweli kipo! Nilikuwa namshuku jirani aliyekuja kuazima vyombo. Mungu anisamehe.

Mwishoni nikamsomea yote tangu mwanzo. Alisikiliza kichwa kimeinama. Akasahihisha mahali pamoja: niliandika "anashindwa", akataka "hawezi".

Jumatano, 25 Machi

Nimepeleka maelezo mwenyewe, yamegongwa muhuri mbele yangu. Mume wangu kapiga simu jioni. Hawezi kupata ruhusa wiki hii, bosi wao kakataa. Akaomba kusema na Baba. Baba kamwambia sote wazima, chapa kazi.

Nikamtazama.

"Huyo si bodi," akasema.

Jumatatu, 30 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, korido ya Ofisi ya Rufaa. Mikono inataka kazi. Mkoba wa Baba uko mapajani, ndio meza yangu.

Tumeingia saa nne na robo. Wajumbe watatu nyuma ya meza ndefu, wanawake wawili na mwanaume, na karani pembeni, mama mwenye miwani ya kamba. Baba kavaa shati la kawaida. Nimelifunga mimi leo, vifungo vyote, na kaniacha nifunge. Mwenyekiti akasema maelezo wameyasoma, lakini wangependa kumsikia mwenyewe. Aanzie na asubuhi yake.

Baba akanigeukia. "Mkwe, nisubiri nje. Nitawaambia yote. Lakini mbele yao, siyo mbele yako."

Nikatoka.

Saa tano. Nasikia sauti yake, maneno siyasikii. Inaenda polepole, haisimami. Hawamkatizi. Mara moja nimesikia mtu akikohoa, mara moja kiti kikisogea. Kuna mwanaume mwingine hapa anasubiri zamu yake, ana mguu wa bandia, kaniuliza aliyeingia ni wakili? Nikamwambia hapana, ni fundi.

Daktari wa meno kaandika tena. Kesho kutwa saa mbili? Anahitaji jibu leo, kuna dada mwingine ameomba hiyo nafasi. Nimeandika "Nitakuja", nimefuta. Nimeandika "Nipe mpaka jioni". Sijatuma hata hilo.

Saa tano na nusu. Sauti ya Baba imenyamaza. Anazungumza mwenyekiti.

Karani ametoka. Nilidhani wamemaliza. Hawajamaliza. Ana karatasi moja, mpya, sijawahi kuiona. Anasema wajumbe wameridhika na mengi, ila wanahitaji hii ijazwe kabla ya kuendelea. Mstari mmoja tu: Jina la anayemhudumia mwombaji muda wote.

Nikamwuliza, Mzee hakuwaambia?

Kasema walimwuliza. Akawajibu hawezi kulitoa jina la mtu bila ruhusa yake. Habari zangu ziliandikwa, kasema Mzee, lakini mimi niliulizwa kwanza.

Muda wote. Nimeyasoma maneno hayo mara tatu: nikiandika jina langu, kazi imekwenda. Nikauliza: na kama ni mhudumu wa kuja na kuondoka? Kama hakuna mtu wa muda wote, je? Karani akavua miwani. Hajui. Hilo ni la wajumbe, yeye anaandika tu.

Nimemwomba dakika moja. Akasema nichukue hata kumi, hana shida. Mzee kamwagiza asiniharakishe.

Bado amesimama hapa. Karatasi iko kwenye ukurasa wa pili wa shajara, simu iko juu ya karatasi. Kalamu ninayo, lakini naandikia haya, jina bado