Wembe wa Kupimia Platini

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Muheza tu wazima. Mjomba wako wa Mwera ameleta nazi, na babu yako bado anagombana na mbuzi.

Unauliza kama uwaambie watu kwamba ile pikipiki kuukuu ya Kijapani unayoifufua wewe anaifufua kaka yako, ili waache kukucheka. Sikiliza.

Miaka ya hamsini, kabla sijaolewa, baba alikuwa fundi pikipiki hapa sokoni. Macho yake yalipofifia, mimi ndiye niliyefungua na kufunga injini. Siku moja karani wa shamba la mkonge akaja akisukuma pikipiki yake. Platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche, ilikuwa chafu, cheche haitoki. Nikaisugua kwa msasa, nikapima nafasi yake kwa wembe kama baba alivyonifunza. Kiki moja, ikawaka.

Wauza machungwa wakasogea. Karani akaninong'oneza, "Binti, tuseme ametengeneza mzee. Nitachekwa."

Nikaizima. Nikachukua bisibisi, nikaanza kuilegeza ile platini.

"Unafanya nini?"

"Nairudisha kama ulivyoileta. Halafu mwite mzee."

Akamgeukia baba, aliyekaa kando. Baba akasema, "Mimi sioni, bwana. Muulize fundi."

Akawatazama wauza machungwa. Kisha akasema kwa sauti, soko zima lisikie, "Amenitengenezea binti huyu."

Ndipo nikakaza skrubu.

Huyo kaka yako anajua hata platini ilipo? Wembe wa baba ninao mpaka leo. Nimeuweka humu kwenye bahasha, ndani ya karatasi yenye grisi. Angalia usijikate.

Bibi yako,
Mwanaidi, fundi