Jina la Baba kwenye Cheti cha Avelina

Saint Paul, Minnesota
11 Mei 2008

Kwako Kaka Ambakisye,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba goti lako limepata nafuu kwa zile dawa mpya. Niambie pia kama mvua za Tukuyu zimepungua na kama chai mwaka huu imechumwa vizuri. Mimi mwili wangu hauna tatizo. Theluji ya mwisho iliyeyuka wiki mbili zilizopita, na kazi yangu katika ofisi ya serikali ya jimbo inaendelea kama kawaida.

Barua yako ya mwezi wa tatu nimeipata. Umeandika kwa furaha kwamba mdogo wetu Isack atamleta Avelina nyumbani tarehe 20 Juni, aonyeshwe kwa ukoo, kisha abaki kwako asome. Umesema wifi amekwisha kupaka rangi chumba chake. Nimeisoma barua hiyo mara tatu. Nakujibu kwa sababu mambo mnayoyajua kuhusu mtoto huyo si ya kweli yote, na yasiyo ya kweli mliyapata kwangu. Nitayaeleza yalivyofuatana.

Unamkumbuka Keziah kwa jina tu. Nilikuandikia kwamba ni Mkenya wa Meru, muuguzi katika hospitali moja ya Coon Rapids, na kwamba tunachangia nyumba ili kupunguza kodi. Tulikaa pamoja kuanzia Agosti 2000 hadi alipofariki. Hatukuwa wapangaji wenza, Kaka. Tulikuwa tunaishi kama mke na mume wanavyoishi. Najua sentensi hiyo itakukalisha chini. Kaa, kisha uendelee kusoma.

Mwaka 2002 tulitaka mtoto. Keziah ndiye angebeba mimba, kwa sababu madaktari walikuwa wamekwisha kuniambia kwamba mimi sitaweza. Yeye alitaka twende kliniki ya Minneapolis, tupate mbegu za mtu tusiyemjua. Mimi nilikataa. Nilimwambia kwamba kwetu mtoto ana ukoo, na kwamba nina mdogo wangu wa kiume anayesoma hapa hapa mjini. Mtoto wa Isack atakuwa damu yangu, atabeba jina la baba yetu, na kwa mila zetu mtoto wa kaka au mdogo wangu ni mtoto wangu. Keziah aliniuliza, kwa ile sauti yake ya wodini, “Wewe unataka mtoto ama unataka ukoo?” Nilimjibu kwamba nataka vyote viwili.

Isack alikubali. Alicheka, akasema hata kuku huwa anatongozwa kwanza. Hakuwahi kulala na Keziah. Yeye alileta kikombe chenye kifuniko, Keziah akatumia bomba la sindano lisilo na sindano, na Isack akaondoka kwenda darasani. Hapakuwa na daktari. Jambo hilo la daktari lilionekana dogo wakati ule.

Avelina alizaliwa tarehe 6 Februari 2003. Tulimpa jina la mama yetu. Hospitalini walileta fomu ya kumtambua baba, inayosainiwa na mama na baba mbele ya shahidi. Isack aliisaini, jina lake likaingia kwenye cheti, na mtoto akawa Avelina Mwakilembe. Nami nikakuandikia kwamba Isack amezaa na Mkenya ninayekaa naye na kwamba hawana mpango wa kuoana. Ulimwandikia Isack kurasa nne ukimwita mhuni aliyeitia familia aibu. Alinisomea barua hiyo kwenye simu, akasema kwamba yeye ndiye mhuni pekee duniani ambaye hajaguswa hata mkono.

Kwa miaka minne na miezi tisa nilimlea. Keziah alikuwa na zamu za usiku, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwogesha, niliyempeleka kliniki, niliyejua kwamba hali viazi vilivyopondwa na kwamba akipata homa hukohoa kwanza. Nyumbani aliniita Mama Tulia. Kanisani, shuleni na kwenye sherehe za Watanzania nilimfundisha aniite shangazi. Ni mtoto mwepesi kuelewa. Tukifika mahali papya, kabla ya kufungua mlango wa gari, alikuwa akiniuliza kwa Kiingereza, “Hapa wewe ni nani?” Nami nilikuwa namwambia.

Keziah alifariki tarehe 14 Novemba mwaka jana. Damu iliganda kwenye mapafu, ikamuua usiku, akiwa kazini, katikati ya madaktari. Ndugu zake waliusafirisha mwili kwenda Meru. Kwenye kijitabu cha mazishi niliandikwa mimi na kanisa katika mstari mmoja, wa shukrani kwa marafiki. Siku tisa baadaye Isack alikuja na mkewe Victoria kumchukua mtoto. Alikuwa ameoa mwaka uliotangulia, unajua. Alisema ni kwa muda, nipumzike. Mwezi wa kwanza nilipokwenda kumrudisha, Victoria alinisimamisha mlangoni, akasema mtoto wa watu waliookoka halelewi katika nyumba kama yangu. Nilipompigia simu Isack, simu aliishika Victoria. Aliniambia kwamba kwetu shangazi ni cheo kikubwa, niridhike nacho.

Nilikwenda mahakamani. Mwanasheria wangu anaitwa Susan, mwanamke mzungu asiyependa kupoteza maneno. Alinieleza kwamba sheria ya hapa inamjua mume ambaye mkewe amepandikizwa mbegu na daktari. Mtu kama mimi haimtaji. Tena kwa kuwa daktari hakuwepo na fomu ilisainiwa, Isack si mtoa mbegu, ni baba kamili, na mama akifa mtoto ni wake. Mimi ningeweza kuomba haki ya kumwona tu, kama mtu wa nje aliyeishi na mtoto kwa kipindi kirefu akimlea kama mzazi.

Kesi ilisikilizwa tarehe 9 Aprili. Wakili wa Isack hakunitukana wala hakupandisha sauti. Alitoa fomu za shule ya awali, za daktari wa meno, za kambi ya watoto ya kanisa, zote kwa mwandiko wangu. Mahali pa uhusiano na mtoto nilikuwa nimejaza: shangazi. Aliniuliza kama nilikuwa nadanganya wakati ule au nadanganya sasa. Isack alipoitwa alisema dada yake amekuwa shangazi mzuri sana. Alisema hivyo akiangalia meza. Hakimu alinipa Jumamosi moja kwa mwezi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, maadamu mtoto anaishi katika jimbo hili. Kwenye hukumu nimeandikwa shangazi upande wa baba.

Jumamosi yangu ya kwanza ilikuwa wiki iliyopita. Victoria hataki nifike kwao, kwa hiyo tulikutana Roseville, kwenye lile jengo kubwa la maduka. Avelina amepoteza meno mawili ya mbele. Alinipa mkono kama anavyowapa wageni, kisha akaniuliza alikosea nini.

Hadi hapa, Kaka, utaona kwamba Isack na sheria ya Wamarekani ndio walioninyang'anya mtoto. Hivyo ndivyo nilivyowaeleza watu wachache wanaojua. Sasa nitakuambia ambacho sikumwambia hata Susan.

Mwezi wa tisa 2004 Keziah alikuja na karatasi nyumbani. Mwanasheria wa Minneapolis alikuwa amemweleza kwamba wapo mahakimu mjini humo wanaomruhusu mwanamke wa pili kumuasili mtoto, naye akawa mzazi kamili, ambaye hakuna wa kumwondoa. Isack alitakiwa kukubali kuacha haki zake za ubaba. Alikubali siku hiyo hiyo. Alisaini kwenye meza yetu ya kulia, akasema afadhali, labda sasa Kaka ataacha kumwita mhuni. Keziah akasaini. Ilibaki saini yangu.

Nilikataa. Cheti kingetolewa upya, jina la Isack lingefutwa, na mimi na Keziah tungeandikwa wazazi, wanawake wawili. Nakala ya cheti cha kwanza ilikuwa kwako, ulikuwa umemsomea Mama, naye aliiweka ndani ya Biblia yake. Niliogopa siku moja mtaomba cheti kwa ajili ya pasipoti au shule, nanyi mtasoma. Nilimwambia Keziah tusubiri hadi Mama atakapokufa. Mama alifariki 2006. Keziah akanikumbusha. Nikamwambia bado upo wewe, Kaka.

Hakulitaja tena jambo hilo. Karatasi zenye saini mbili nilizikuta kwenye droo yake baada ya mazishi, nikazichana mwenyewe. Kwa hiyo Isack hakuniibia. Alitaka kunipa, nami nikamrudishia, kwa sababu yako.

Susan anasema tunaweza kuomba zuio la safari, lakini hakimu hatamzuia baba kumpeleka mwanawe kwao. Anayeweza kumzuia ni wewe. Isack hatapanda ndege kama kaka yake mkubwa amemwambia asimlete. Victoria ana mimba na hamtaki Avelina nyumbani kwake. Ukikataa wewe, hawatakuwa na pa kumpeleka ila kwangu. Nakuomba umwandikie. Huna haja ya kunikubali ili kufanya hivyo.

Na kama utaona huwezi, basi atakuja. Atakuelewa ukimsemesha Kiswahili, ingawa atakujibu kwa Kiingereza. Mwekeeni taa iliyowashwa kwa siku chache za kwanza. Atawauliza kuhusu mama yake, na kwake neno hilo lina watu wawili. Wa kwanza anajua kwamba amekufa. Msimwambie kwamba na wa pili amekufa.

Nisalimie wifi na umshukuru kwa ile rangi. Wasalimie watoto, na majirani watakaoniulizia. Goti usilitembeze sana.

Ni mimi mdogo wako,
Tulia