Hirizi Niliyoikaza

Mama,

Mwamini yuko mzima. Naanza na hilo maana najua ndilo ungeuliza kwanza, hata salamu zangu usingezingoja.

Mwanao huyu wa mwisho amepasuliwa tezi la shingo kama wewe. Wiki mbili baadaye akaanza vilevile: ganzi midomoni, vidole vinajikusanya kama anachota chumvi. Shangazi akaja na ubani na hirizi. Nikakukumbuka, Mama, siku zile za risasi tulipojifungia nyumbani mtaa wa Buyenzi. Mimi ndiye niliyekufunga hirizi juu ya kiwiko. Mkono wako ukajikunja. Tukasema jini limekasirika, nami nikaikaza zaidi. Jioni ile ukashikwa na degedege, hukuamka.

Safari hii nilisema apana. Shangazi akaniita kaidi. Nikamwambia ni kweli, nilizaliwa na mama kaidi. Nikampakia Mwamini kwenye baiskeli hadi dispanseri. Kwenye kizuizi cha barabarani askari wakaviangalia vile vidole, wakatupisha.

Muuguzi, mzee asiye na haraka, akamfunga mpira wa kupimia presha palepale nilipokufunga wewe hirizi. Akaujaza upepo, akauacha umebana. Vidole vikajikusanya mbele ya macho yangu. Akasema si jini: nyuma ya tezi kuna vitezi vidogo vinavyolinda kalisi ya damu, madini yaleyale ya mifupa. Vikiumizwa na kisu, kalisi inashuka, na mishipa ya fahamu inashtuka yenyewe bila kuamriwa. Ukiubana mkono, ndiyo kabisa. Akamdunga dawa kwenye mshipa, polepole. Vidole vikaachana kimoja kimoja, na Mwamini akaomba uji.

Kwa hiyo ni mimi niliyekukaza mkono. Hatukujua, lakini mikono ilikuwa yangu. Nimelia nikachoka. Nisamehe, halafu tuendelee, kama ulivyokuwa unatuambia tukivunja sahani.

Vidonge vyake vya kalisi vinakuja na boti ya Kigoma. Ikichelewa nashuka bandarini kuwasumbua makarani mpaka wananijibu. Wakiniona kwa mbali wanasema, "Mama Kalisi huyo."

Hirizi yako sikuitupa, ina maneno ya Mungu. Nimeitia uzi mrefu, Mwamini anaivaa shingoni, imelegea juu ya kovu. Vidonge hatavikosa maadamu mi niko hai.

Pumzika, Mama. Kila asubuhi namwambia anipe mkono, naye ananipa ukiwa wazi.

Binti yako,
Zaina