Vikamba vya Kofia ya Rhoda

Jumanne, 2 Aprili

Ebo! Askofu Elvin Nolt amefika jana kutoka Pennsylvania, na leo asubuhi ameshanivuruga.

Walikuja yeye na mkewe, Erma, wakaketi jikoni kwangu. Nikawapa mikate ya moto na paja la nguruwe la chumvi, kama mama alivyonifundisha kule Virginia. Askofu akala vizuri tu. Akajipangusa mdomo. Kisha akasema — kwa upole, mtu huyu hana sauti nyingine — kwamba hatamfungisha ndoa Rhoda wangu na Marlin mwezi wa tano kama bibi harusi hatavaa kofia ya sala yenye vikamba.

Vikamba! Vile vyeupe vya kuning'inia mabegani. Visipokuwepo, hakuna harusi.

Nikamuuliza hilo limeandikwa wapi. Akasema halijaandikwa, ila ndivyo tunavyofanya. Tunavyofanya akina nani? Watu wa Lancaster, kwao huko Pennsylvania! Kofia yangu haina vikamba. Ya mama yangu haikuwa navyo, na tulimzika nayo. Je, naye kapotea? Hilo sikumuuliza. Ningemuuliza ningelia, na mbele ya Erma silii.

Erma kaniachia boksi. Ndani kofia mpya, zimepigwa pasi, vikamba vimekunjwa. "Zawadi, Dada Verda." Zawadi gani hiyo!

Alhamisi, 4 Aprili

Hasira haijashuka. Nataka niiandike yote.

Kanisa hili hapa Missouri tulilijenga sisi, watu wa Virginia. Mume wangu Galen ndiye aliyepanda juu kuliezeka. Familia za Lancaster zilipohamia tukafurahi, tukawapikia, tukawasaidia kupakua mizigo. Hatukuwa na askofu, tukaomba wa kwao. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mgeni kaja, mwenyeji kaugua.

Wakaanza kukataza redio za magari. Haya. Wakaja kwenye soksi zetu wanawake. Haya. Wakaja kwenye nyimbo — vijana wasisimame mbele kuimba harusini, eti ni kujionyesha. Haya! Kila mara "haya", kwa ajili ya amani. Sasa wamefika kichwani kwa binti yangu.

Na ndugu wa imani yetu wa Ohio, ambao kwao ndevu ni sheria, wakipita hapa, askofu — kidevu chake kimenyolewa hadi kinang'aa — anawakaribisha mezani vizuri sana. Kuhubiri mimbarani, hapana. Kumbe utakatifu una wilaya yake!

Galen anasema nisikuze mambo. "Mama Rhoda, ni uzi tu. Shona yaishe."

Nikamwambia, "Kama ni uzi tu, mbona yeye hauachi?"

Akachukua koti lake akaenda kwa ng'ombe.

Jumamosi, 6 Aprili

Marlin alikuja kula. Ni kijana mzuri, mchapakazi, wazazi wake wa Lancaster lakini hana makuu. Nikamuuliza yeye anaonaje habari ya vikamba. Akasema atafuata watakavyoona wazee. Basi, hana zaidi. Rhoda alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka.

Baadaye nikapanda juu na nguo safi. Nikamkuta Rhoda mbele ya dirisha, kavaa ile kofia ya Erma. Akasema, "Sitaki ugomvi, mama. Nampenda Marlin."

Nilitaka kumvua kwa mikono yangu. Nikashuka nikakanda unga mpaka mabega yakauma. Mkate umekuwa mgumu, na wameula hivyo hivyo.

Jumatano, 10 Aprili

Imetangazwa. Jumapili hii ni siku ya kuulizwa amani, kabla ya Meza ya Bwana. Kila muumini aseme kama ana amani na Mungu na kanisa. Kwetu Virginia tulisimama wote kwa pamoja, mchungaji akauliza mara moja, tukaitikia, tukaenda kula. Huyu bwana kaleta ya kwao — mmoja mmoja, ndani ya chumba kidogo, askofu na mashemasi wamekukodolea macho.

Mmoja tu akisema hana, Meza inaahirishwa mpaka mambo yatengenezwe. Na bila Meza, askofu hafungishi ndoa ya mtu yeyote.

Basi wamenishika. Nikisema kweli, nimemvunjia mwanangu harusi. Nikisema nina amani, nimemdanganya Mungu nyumbani kwake. Amani gani niliyo nayo? Kofia ya Erma nikiiona tu, naona kizunguzungu!

Leo tulikuwa tunashona mablanketi ya misaada. Erma akasema, wote wakisikia, kwamba Rhoda ni mnyenyekevu kweli kweli, eti hajui upole huo ameutoa wapi. Wengine wakachekacheka.

"Ameutoa Virginia," nikamwambia. Kicheko kikaisha.

Lakini nimeamua. Nitadanganya. Ni kwa ajili ya Rhoda.

Jumapili, 14 Aprili

Naandikia kanisani, Mungu nisamehe. Niko chumba cha watoto huku nyuma, mjukuu, mtoto wa kaka yake Rhoda, kalala begani, daftari lilikuwa kwenye mfuko wa nepi. Kupitia kioo nauona mlango wa chumba kidogo. Wameanza na wasichana.

Nimeikariri: "Nina amani na Mungu na kanisa, na ninatamani Meza." Ni maneno mepesi. Nikiyanong'ona kwa mtoto aliyelala, naruka neno "amani".

Rhoda kaingia. Kavaa vikamba.

Anachelewa. Wenzake waliingia na kutoka. Anaulizwa nini huyu, na keshavaa? Wanataka nini tena!

Ametoka. Kapita benchi la wasichana, hakukaa. Kapita alipo Marlin, hakumtazama. Anakuja huku —

Kafunga mlango nyuma yake. "Mama, nimewaambia sina."

"Huna nini?"

"Amani. Nimewaambia hivi vikamba nimevivaa kwa woga, na siwezi kuja Mezani na woga."

"Na harusi, mwanangu?"

"Sijui."

Kamchukua mtoto begani kwangu.

Kule mbele naona Marlin kasimama. Kasimama tu, kati ya benchi na mlango, hajui aende wapi.

Shemasi anagonga kioo. "Dada Verda, zamu yako."

Uongo wangu ninao mdomoni, tayari, na yule niliyemtungia hautaki. Ananiangalia. Nauacha humu daftarini. Naenda —