Mama Hakuwa Shamba

Ni mwaka sasa, Mama, tangu tulipokurudisha Kwedizinga na kukulaza karibu na wazazi wako. Isihaka, mwanao mkubwa, alitaka tangazo fupi lenye picha yako na dua. Muhsin, kitinda mimba wako, akasema aandike Ikram, maana yeye ndiye mwenye mdomo. Basi ninaandika mimi kwa niaba yetu watatu, na wenzangu wamesoma kila neno kabla halijatoka.

Kilole nzima inakukumbuka na kofia yako ya ukindu na buti za mpira, ukisoma mita za maji nyumba kwa nyumba. Watu walikuwa wakikuona unakuja wanajifungia ndani, nawe unagonga dirisha: "Fungua tu, mwenzangu, leo sikati, nimekuja kunywa maji." Na kweli ulikunywa maji, ukauliza habari za wagonjwa, ukampima mtoto joto kwa kiganja. Ilipobidi ukate maji ya mtu ulikata, lakini jioni yake ulimtuma mmoja wetu apeleke ndoo ya maji kwenye nyumba hiyohiyo. Tulinung'unika njia nzima.

Ulipostaafu kwa hiari ukiwa bado na nguvu zako, sisi tulishakupangia. Isihaka alitaka ujenge vyumba vya kupangisha. Mimi nilitaka unilelee watoto. Wewe ukaenda Segera, ukarudi unaendesha kirikuu cha bluu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimechubuka mlango mmoja. Nyuma ukaweka godoro, turubai, jiko la mkaa na hema la mtumba. Tulidhani unaanza biashara ya kusomba matofali.

"Nakwenda pwani," ukasema.

"Kwa nani?" Isihaka akauliza.

"Siendi kwa mtu. Nimesoma mita za watu miaka yote hii, sasa nataka nikaangalie kitu kisicho na namba."

Ukaenda, peke yako. Ulianza na Muheza hadi Tanga, ukashuka Pangani, safari nyingine ukafika Mkwaja mpaka jirani na mbuga ya Saadani. Kila ulipofika ulipita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, ukasalimia, ukaeleza unatoka wapi, ukaacha machungwa ya Kwedizinga, ndipo ukapiga hema lako chini ya mivinje. Uliporudi ulitusimulia jinsi ngedere walivyokuibia mkate, wakapanda juu ya kirikuu na kuula bila haya huku umewashikia mwiko. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Sisi hatukucheka. Tulikuwa tunaangalia kama dirisha limefungwa, majirani wasisikie.

Hapo ndipo aibu yetu ilipo, Mama, na leo tunaisema mbele za watu. Tulikuonea haya. Mama mtu mzima, mjane, ana wajukuu, analala kwenye hema ufukweni! Watu wangesema umepata bwana, au una pepo la bahari linakuita, au wanao tumekufukuza. Hilo la mwisho ndilo lililotunyima usingizi. Kwa hiyo kila aliyekuulizia tulimwambia, "Mama yuko shamba, Kwedizinga." Shamba lipo, mtandao wa kule ni wa kubahatisha, nani angebisha? Muhsin alifikia hatua ya kununua mahindi sokoni Korogwe na kuyagawa kwa majirani, eti mavuno yako.

Siku moja umerudi, hujashusha hata godoro, Mama Ponsiano, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akakudaka mlangoni. "Pole na palizi, dada! Mahindi yako matamu kweli." Ulitutazama mmoja mmoja. Tukainamisha vichwa. "Ahsante, dada," ukamjibu. "Mwaka huu magugu yamezidi." Ukaingia ndani, ukaoga, ukala, hukutuuliza kitu. Ungetugombeza tungekoma. Sisi tukajifanya tumeona umekubali, tukaendelea. Hata kwenye kundi la simu la mtaa tulijitoa, ili tusiulizwe habari zako.

Mwaka jana, huko Mkwaja, kiharusi kilikuangusha asubuhi kando ya jiko lako, chai ikiwa motoni. Aliyekukuta ni Nasinkoi, mama wa Kimaasai aliyekuwa akikuletea maziwa kila ulipopiga hema pale. Yeye na kaka yake Tiampati wakakupakia kwenye gari la watu, wakakufikisha hospitali. Hukuweza kusema. Nasinkoi alikujua kwa jina la Mama Kirikuu, basi. Kadi ya gari ilikuwa bado na jina la aliyekuuzia, na simu yako ilifungwa kwa namba ya siri. Manesi wakaichaji, wakaiweka karibu na mto wako, wakasubiri iite ili wampate mtu wako.

Haikuita, Mama. Watu wengine walijua uko shamba ambako hakuna mtandao. Sisi tuliojua ukweli tulikuwa na mazoea ya kutokupigia ukiwa safarini, kama vile kutopiga kungefanya safari yenyewe isiwepo.

Tiampati akapiga picha kirikuu, akaisambaza. Ikafika mpaka kwenye kundi la mtaa wetu. Mtu akauliza, "Hiki si cha Mama Isihaka?" Mama Ponsiano akajibu kwa moyo mweupe: "Hapana, yule yuko shamba, jana tu Muhsin kaniambia. Vigari vya bluu viko vingi." Mazungumzo yakaishia hapo, watu wakahamia kwenye mambo ya mpira.

Tiampati hakukata tamaa. Alilifuata lile jina la kwenye kadi mpaka Segera, akampata muuzaji, naye akamwelekeza kwa msoma mita wa Kilole. Akatukuta nyumbani. Tulipofika hospitali ulikuwa umeaga dunia alfajiri ya siku ile.

Nasinkoi alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, amekunja khanga zako mapajani. "Poleni," akasema. "Nilikuwa namwita yeyo, kwetu ndiyo mama, na yeye ananibana mkono. Lakini mlango ukifunguliwa, anaangalia mlango." Kisha akauliza, "Jina lake ni nani? Jumapili nataka nimtaje kanisani."

Isihaka akamjibu, "Ni mama yetu, dada, inatosha. Wenyewe tumefika." Mimi na Muhsin tulikuwa tumesimama palepale na hatukufungua kinywa. Tuliogopa jina likibaki kule, habari itaturudia Kilole. Tukachukua khanga mikononi mwake, tukakuchukua na wewe. Kwedizinga tuliwaambia waombolezaji waliotoka Kilole kwamba umeanguka ukipalilia, na mdogo wako Muhidini, aliyejua hukuwa shambani, tukamsihi asitupinge. Wakakusifu kwa kufia kazini, nasi tukaitikia.

Mwaka mzima tumeulinda uongo huo kuliko tulivyokulinda wewe. Jana tulikwenda kwa Mama Ponsiano, asije akausoma ukweli hapa bila kuusikia kwetu. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ni mimi niliyejibu kwamba kirikuu kile si chake?" akauliza. Tukamwambia hapana, ni sisi, yeye alisema tulichomwambia. Akaingia ndani akafunga mlango, na mpaka ninapoandika hajaongea nasi. Hatumlaumu.

Mama, hukuwa shamba. Ulikuwa pwani, kwa hiari yako, kwa gari lako, na ulikuwa na furaha ambayo sisi tuliona haya kuitazama. Mwenyezi Mungu akurehemu, akunawirishie kaburi lako. Dua itasomwa nyumbani Kilole, Ijumaa baada ya swala. Atakayeona tusimkaribie, tutaelewa.

Unakumbukwa na wanao Isihaka, Ikram na Muhsin. Wajukuu zako wote. Mdogo wako Muhidini wa Kwedizinga. Mama Ponsiano na jamaa zake. Na Tiampati na Nasinkoi wa Mkwaja, waliokaa mahali petu. Maisha yetu yote hatutakusahau.

Nasinkoi, yule mama aliitwa Hajira binti Faraji. Mtaje popote unapotaka.